Barua Moja, Nakala Hamsini

JAYSHREE: Haloo, darasa la kompyuta hapa. Nani mwenzangu?

PASKAZIA: Haloo! Haloo! Ni Jayshree huyo? Niambie ni wewe.

JAYSHREE: Ni mimi. Nani? [simu inakwaruza] Sikusikii vizuri, kuna kitu kinalia huko kama—

PASKAZIA: Ni Paskazia. Mama Justa, wa ofisi ya Padri, huku Mkolani. Mwanafunzi wako wa mwezi wa tatu, yule uliyemkalisha mbele kwa sababu ya macho.

JAYSHREE: Ahaa, Mama Justa! Shikamoo, Mama.

PASKAZIA: Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo goti?

JAYSHREE: Hajambo, anakusalimia. Na Justa na—

PASKAZIA: Justa mzima, wajukuu wazima, mbuzi mzima. Salamu zimekwisha. Jayshree, hii printa inachapa na haitaki kuacha.

JAYSHREE: Inachapa nini?

PASKAZIA: Barua.

JAYSHREE: Si ndiyo kazi yake? Juzi ulinilalamikia haichapi.

PASKAZIA: Barua moja, mwanangu. Ile ile. Imetoka mara tisa, sasa printa anaanza ya kumi. Na Padri Yeremia yuko njiani kutoka Nyakato, kabla ya saa sita atakuwa hapa, na barua hii Padri asiione. Asiione hata mstari mmoja.

JAYSHREE: Ni siri ya kanisa?

PASKAZIA: Siyo ya kanisa.

JAYSHREE: Basi ni ya nani?

PASKAZIA: Zima moto kwanza, ndipo uulize nani aliacha jiko.

JAYSHREE: Haya, haya. Ulibonyeza kuchapa mara ngapi?

PASKAZIA: Hamsini.

JAYSHREE: Haloo? Laini mbaya, nimesikia kama hamsini.

PASKAZIA: Laini nzuri. Hamsini.

JAYSHREE: Mama Justa!

PASKAZIA: Si wewe uliyetufundisha, ukishabonyeza uwe na subira? Nikabonyeza, nikasali Salamu Maria moja. Kimya. Nikabonyeza tena, nikasali nyingine. Nikaona kumbe hivi napata baraka na kazi inakwenda. Nimemaliza rozari nzima, bado kimya. Nikasema labda amekosa hewa, nikamvua kitambaa—

JAYSHREE: Kitambaa gani?

PASKAZIA: Cha kufuma. Cheupe, kina maua pembeni, nilimfumia mwenyewe. Nilipokivuta, kidole kikagusa kitufe cha ubavuni, taa ya kijani ikawaka, akaanza. Krrii, krrii, krrii. Hajanyamaza mpaka sasa.

JAYSHREE: Mama, printa ilikuwa imezimwa. Muda wote ulipokuwa unasali, ilikuwa imezimwa! Kompyuta inakupangia foleni tu. Kila ukibonyeza, inasema haya, huyu mama anataka nyingine.

PASKAZIA: Lakini hakusema.

JAYSHREE: Ilisema. Kuna maneno yalitokea kwenye kioo.

PASKAZIA: Kioo nacho kina kitambaa. Kinashuka mpaka nusu. Mimi naandikia nusu ya chini.

JAYSHREE: [pumzi za puani]

PASKAZIA: Unacheka.

JAYSHREE: Sicheki, nakohoa. Umezivisha zote, Mama?

PASKAZIA: Hata simu hii ninayokupigia ina chake. Vumbi la Mkolani unalijua wewe, mtoto wa mjini? Ya kumi na moja hiyo, inatoka!

JAYSHREE: Sawa, sikiliza. Usichomoe waya wa—

PASKAZIA: Nilishachomoa. Wa printa. Akanyamaza.

JAYSHREE: Halafu?

PASKAZIA: Nikangoja kidogo, nikachomeka tena. Nilidhani atakuwa amesahau.

JAYSHREE: Hasahau! Foleni haiko kwake, iko kwenye kompyuta. Ni kama hotelini, umemfungia mpishi jikoni na wateja wako mezani. Ukifungua mlango tu, wote wanataka wali wao. Lazima uwaondoe wateja.

PASKAZIA: Niwaondoe vipi? Sema haraka, nasikia pikipiki.

JAYSHREE: Ya Padri?

PASKAZIA: Ngoja. Hapana. Hiyo imepita. Ya Padri ina kikohozi.

JAYSHREE: Toa kitambaa cha kioo. Umetoa? Angalia chini kabisa, kona ya kulia, karibu na saa. Kuna kapicha ka printa.

PASKAZIA: Nakaona. Kadogo kama mbu.

JAYSHREE: Peleka mausi juu yake, bonyeza mara mbili, upesi upesi.

PASKAZIA: Haendi. Anarukaruka tu, huku mara kule, kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

JAYSHREE: Chini ya mausi kuna nini?

PASKAZIA: Meza. Na kitu juu ya meza.

JAYSHREE: Mama Justa, usiniambie.

PASKAZIA: Kidogo tu. Cha duara.

JAYSHREE: Are! Mama, mausi ina goroli tumboni. Inataka kuviringika mahali pakavu, tambarare. Kwenye nyuzi inanasa. Itoe hapo, iweke juu ya kitu chenye jalada gumu.

PASKAZIA: Kitabu cha ubatizo?

JAYSHREE: Chochote.

PASKAZIA: [kelele ya meza] Mwenyezi Mungu anisamehe. Haya, sasa anatembea. Anatembea vizuri kumbe. Nimebonyeza. Moja, mbili. Hakuna kitu.

JAYSHREE: Upesi zaidi. Kama unavyobisha hodi kwa mtu unayemdai.

PASKAZIA: Tok-tok. Eeh! Limefunguka dirisha. Mayu! Zimejipanga zote humu! Barua kwa Shimba, Barua kwa Shimba, Barua kwa Shimba, Barua kwa—

JAYSHREE: Shimba ni nani?

PASKAZIA: Nani amesema Shimba?

JAYSHREE: Wewe. Mara nne.

PASKAZIA: Wewe si ndiye uliyesema jina la faili lieleze kilichomo ndani? Mimi nimetii.

JAYSHREE: Nilisema hivyo kwa barua za ofisi! Za kwako unaweka kwenye disketi yako, unaondoka nayo kwenye mkoba. Huyu Shimba ni yule mwenye ng'ombe wengi, wa Kiseke? Yule mjane mwenzako anayekuja sokoni na kofia ya pama?

PASKAZIA: Kofia siijui.

JAYSHREE: Unaijua.

PASKAZIA: Aliniandikia yeye. Kwa mkono wake, ukurasa mzima, na dada yake ndiye akaileta, kwa heshima zote. Nikasema nami nimjibu. Lakini mkono wangu unatetemeka siku hizi, herufi zinaanguka kama walevi. Nikaona nitumie mashine, ajue na mimi nimesoma kozi.

JAYSHREE: Mama Justa! Na umemjibu nini?

PASKAZIA: Ondoa wateja.

JAYSHREE: Niambie kidogo tu.

PASKAZIA: Jayshree, Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya mabinti wa kipaimara, Padri ameketi nyuma yangu, nikasema barua za wanaume ni kazi ya wasio na jembe. Leo akute zangu hamsini, kwenye karatasi ya kanisa? Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, siku nitakayoona inafaa. Asiambiwe na printa!

JAYSHREE: Haya, pole. Kwenye hilo dirisha, juu kushoto, neno la kwanza. Bonyeza mara moja. Yameshuka maneno?

PASKAZIA: Yameshuka. Kiingereza kitupu.

JAYSHREE: Yako mawili yanaanza na P.

PASKAZIA: P kama Paskazia. Nimeliona, P na A, kama langu kabisa. Nimebonyeza.

JAYSHREE: Hilo siyo! Hilo linaipumzisha tu, baadaye inaendelea. Rudi hapo hapo, ulibonyeze tena kulifuta, kisha uchukue la chini yake. P na U.

PASKAZIA: P na U. Nalibonyeza. Jayshree! Wamekwenda. Wote. Pamekuwa peupe kama shamba lililopita nzige.

JAYSHREE: Asante Mungu.

PASKAZIA: Lakini huyu bado analia! Ya kumi na saba inashuka!

JAYSHREE: Hiyo ameshaimeza, lazima aimalize. Zima kile kitufe cha ubavuni, ungoje—

PASKAZIA: Amezimika.

JAYSHREE: Ungoje kidogo ndipo uwashe. Sasa hana anachokumbuka.

PASKAZIA: Nimewasha. Kweli. Kimya. Nasikia mpaka kuku wa jirani. Mungu akubariki, mwanangu, akupe mume mwenye subira.

JAYSHREE: Na wewe ameshakupa, inaonekana.

PASKAZIA: Koma.

JAYSHREE: Sasa si niambie ulichoandika? Nimekuokoa.

PASKAZIA: Hakuna cha ajabu. Nimemwambia barua yake imefika. Kwamba mimi ni mjane wa miaka tisa, nimezoea kulala katikati ya kitanda. Kwamba Jumapili ni kanisani, hata kama ng'ombe anazaa. Kwamba kukamua sikamui. Na nikikohoa, asiniulize mara kumi kama naumwa. Kama hayo hayamshindi, aje aonane na kaka yangu.

JAYSHREE: Hiyo ndiyo barua ya mapenzi?

PASKAZIA: Ulitaka niweke maua? Maua yako kwenye kitambaa.

JAYSHREE: Ni nzuri, Mama. Kweli ni nzuri. Haya, kusanya karatasi zote, uzikunje, uzifiche.

PASKAZIA: Zimeungana zote, hizi zenye matundu pembeni. Zimekuwa ndefu kama treni.

JAYSHREE: Usizikate sasa, utapoteza muda. Zivute tu. Zimeangukia wapi?

PASKAZIA: Dirishani.

JAYSHREE: Chini ya dirisha?

PASKAZIA: Nje ya dirisha. Printa nilimweka hapo apate upepo. Navuta... zinakuja... Zimenasa.

JAYSHREE: Kwenye ua?

PASKAZIA: Hapana. Jayshree.

JAYSHREE: Nini?

PASKAZIA: Zinavutwa.

JAYSHREE: Na nani?

PASKAZIA: [kwa sauti ya chini] Pikipiki iko chini ya mti. Sikuisikia. Na hii printa iliyokuwa inapiga kelele, ningeisikiaje?

JAYSHREE: Ameshika? Padri ameshika?

PASKAZIA: Ameshika mwanzo wake. Amevaa miwani. Na hakuja peke yake, kampakia mtu nyuma.

JAYSHREE: Nani?

PASKAZIA: Wa kofia.

JAYSHREE: Uwongo!

PASKAZIA: Atatoa fahali wa sherehe ya kipaimara, amekuja kuonyeshwa atafungwa wapi. Ameshika karatasi huku kati, anasoma na kidole. Mdomo unatembea. Amemaliza ya kwanza. Anakwenda ya pili.

JAYSHREE: Mwambie zote ni sawa!

PASKAZIA: Nimemwambia. Anasema anataka kuhakikisha.

JAYSHREE: Na Padri?

PASKAZIA: Padri anacheka. Analia machozi, amevua miwani. Anauliza kama na ile hotuba ya mabinti ninayo nakala nyingi hivi, aigawe Jumapili.

JAYSHREE: Basi hajakasirika! Mama Justa, hajakasirika!

PASKAZIA: Ngoja, Shimba anasogea dirishani. Ngoja. Amevua kofia.

JAYSHREE: Anasemaje? Weka simu karibu.

PASKAZIA: Anauliza lile la ng'ombe anayezaa siku ya Jumapili. Kama ni mapacha, je?

JAYSHREE: Mwambie mapacha ruhusa!

PASKAZIA: Kanisani ni kanisani. Nimemwambia misa ya kwanza inatoka mapema, atawahi. Amekubali. Sasa anauliza maana ya mstari wa mwisho ni nini. Kama ni ndiyo.

JAYSHREE: Si ameisoma?

PASKAZIA: Ameisoma mara saba, mwanangu. Iko mbele yake mara kumi na saba. Anasema hiyo ya mashine ameiona. Anataka ya kumi na nane kwa mdomo.

JAYSHREE: Basi mpe! Mpe mimi nikisikia, nimefanya kazi yote—

PASKAZIA: Rudi ukafundishe wanafunzi wako, Jayshree. Msalimie mama, mwambie goti alikande na maji ya chumvi.

JAYSHREE: Mama Justa, usikate! Mama—

PASKAZIA: Kwaheri, mwanangu, kwaheri, kwaheri. Mwanaume amesimama juani. [simu inakatika]