Jina la Norman Oldroyd Kwenye Albamu ya Kumi na Nne

Ndugu, majirani, na nyinyi wanamuziki mlioegesha magari getini mpaka gari la marehemu likakosa pa kupita, naitwa Keeley, mjukuu wake, nimeambiwa wasifu wake niusome mimi kwa sababu mama kila akianza analia, na mjomba Stephen kila akianza anatukana.

Babu yetu, Norman Oldroyd, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa hapa Elland, mtoto wa tatu wa mzee Harold na mama Edna, akasoma shule ya hapo kilimani mpaka 1966, akaaga shule, au shule ikamuaga yeye, hilo halikuwahi kueleweka vizuri, akaingia kiwanda cha mazulia kule Halifax, akawa anapiga ngoma kwa viganja juu ya mashine mpaka msimamizi akamwambia achague, zulia au kelele. Akachagua kelele.

Mwezi wa kumi 1974 alianza kumpigia ngoma mwanamuziki Clive Ramsden, wote mnamjua, yuko pale safu ya pili na miwani ya jua ndani ya kanisa, wakazunguka dunia, wakatoa albamu kumi na tatu. Tarehe 12 Juni 1976 alimuoa Maureen Greenwood, Bibi yetu, kanisa hili hili, fungate Scarborough siku mbili tu, maana siku ya tatu Clive alikuwa na shoo Leeds. Walijaliwa watoto wawili, Alison, mama yangu, tarehe 4 Aprili 1979, na Stephen, tarehe 20 Novemba 1982, ambaye alipozaliwa Babu alikuwa Ujerumani, akapigiwa simu hotelini, swali lake la kwanza likawa, "Ana mikono mikubwa?"

Sasa tunafika kwenye albamu ya kumi na nne, mnivumilie, humu ndani hakuna mtu iliyemchosha kama mimi.

Inaitwa Taa za Bondeni, ilianza kurekodiwa tarehe 6 Septemba 2021 kwenye studio ya Clive kule Ripponden, nyimbo kumi, magitaa, kinanda, viitikio vile vya kuimba na uwanja mzima, na Babu alipiga ngoma zote kwa siku tisa. Halafu prodyuza mmoja, kijana kutoka London, akasema mzee anapunguza mwendo kwenye viitikio, akaziondoa ngoma zake kwenye wimbo wa tatu, akaweka za kompyuta bila kumwambia, na Clive akamwachia. Babu alipousikia akasema, "Mimi sipunguzi mwendo, wimbo unavuta pumzi." Clive akamjibu, "Huu umevuta mpaka umesinzia." Basi. Babu akang'oa matoazi yake, akapakia kilichoenea kwenye gari, ngoma kubwa ikabaki, akaapa harudi kuifuata, na kesho yake akaandika barua, nikaipeleka mimi kwa basi, inasema jina lake lisionekane popote kwenye albamu hiyo, na saini chini.

Wiki mbili hazijaisha Clive akaona ngoma za kompyuta hazina uhai, akamrudisha kijana London, akazirudisha ngoma za Babu, zikawa zake tena nyimbo zote kumi. Mngedhani yameisha. Wapi! Clive akasema albamu haitoki bila jina la Norman kwenye jalada, Babu akasema jina haliwekwi mpaka Clive aje nyumbani aliombe kwa mdomo wake, Clive akasema aliyeondoka ndiye arudi, na kati ya nyumba zao ni maili tano, basi moja, kwa miaka mitatu, abiria mimi. "Mwambie huyo mzee wako aache kiburi." "Mwambie nimejifunza kwake." Mashabiki wakawa wanaandika, albamu iko wapi? Iko kabatini, jamani, imekamilika, nzuri mpaka inauma, inasubiri wazee wawili wakue.

Septemba 2024 Babu alianza kukohoa, na tarehe 17 Oktoba madaktari wakatuambia ni kansa ya mapafu, imeshaenea. Jumapili tarehe 5 Januari 2025, theluji imejaa barabarani, Clive akaja hospitali na mfuko wa zabibu, nikasema moyoni, hatimaye. Wakakaa saa mbili nzima, wakaongea gari lililowaharibikia Carlisle, wakaongea raga, wakacheka mpaka nesi akaja kuwatuliza, Clive akavaa koti, akaenda zake.

"Babu, amekuomba?"

"Aniombe nini?"

"Jina!"

"Hakulitaja."

"Lakini si amekuja?"

"Amekuja kumwona mgonjwa, Keeley, hiyo ni habari nyingine."

Nikamkimbilia Clive kwenye lifti, naye ananiambia, "Sasa ningemsumbuaje mtu anaumwa?"

Babu alifariki Jumanne tarehe 14 Januari, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Bibi kamshika mkono, na jina bado.

Juzi Jumatano Clive akaja nyumbani na ile barua, eti neno la marehemu halivunjwi, kwa hiyo albamu ibaki kabatini milele. Bibi akaisoma, akavua miwani, akasema, "Clive, miaka arobaini na minane nimekuwa kama nimeolewa na nyinyi wawili, nimechoka, nipe kalamu." Akaandika chini ya saini ya mumewe kwamba mjane ameruhusu, akaniagiza niseme hapa mbele za watu, asitokee wa kubisha. Albamu inatoka tarehe 28 Machi, jalada limeandikwa, ngoma zote, Norman Oldroyd.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya saba, majirani mliosikiliza mazoezi kupitia ukutani miaka yote hiyo na bado mmeleta mikate na keki, na wanamuziki wenzake, hata wa magari ya getini.

Mzee Clive, ulichoshindwa kumwambia mwambie sasa, sanduku liko mbele yako, sisi tunatoka kwenda kunywa chai. Na wewe Babu, pumzika kwa amani, akianza kuongea, safari hii usimjibu.