Neno Alilolitanguliza Mwalimu Nicanor Abuor

Wazee, wachungaji, akina mama, walimu, majirani wa Uriri, na nyinyi mliotoka Muhuru Bay, Mbita na upande wa Kuria, mimi ni Filister, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa nafasi hii, wengine kwa kupenda na wengine kwa kuchoka kubishana nami. Programu mlizoshika zina historia nyingine ambayo Byron, mtoto wa marehemu, ameiandika kwa Kiingereza, ni nzuri na ina picha, mtaisoma nyumbani. Hii yangu ni ya Kiswahili ili kila aliyeketi chini ya hema hizi aisikie bila mkalimani.

Mwalimu Nicanor Abuor alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Uriri, mtoto wa nne kati ya sita, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni, alikuwa mzito na alilia bila sababu. Alianza shule mwaka wa 1959, akamaliza masomo ya msingi mwaka wa 1966, mimi nikaishia hapo hapo kwenye shule ya msingi kwa sababu karo ilitosha mmoja na mmoja huyo alikuwa mvulana, yeye akaendelea na sekondari, kisha akaingia chuo cha walimu mwaka wa 1971 na kutoka mwaka wa 1972 na cheti chake.

Huko chuoni mkufunzi mmoja aliwaambia kwamba sentensi ya Kiingereza haitembei kichwa wazi, lazima itanguliwe na neno la nguvu, na Nicanor akalishika hilo kuliko alivyoshika katekisimu. Alianza kazi Mbita mwezi wa Januari 1973, na darasani kwake ukutani palikuwa na karatasi kubwa ya manila yenye maneno hayo ya kutia uhakika, Indeed, Certainly, Obviously, na lile kubwa kuliko yote, Undoubtedly, yaani bila shaka yoyote. Mtoto aliyeandika kwamba ng'ombe wao amezaa alirudishiwa daftari mpaka aandike kwamba bila shaka yoyote ng'ombe wao amezaa. Wanafunzi wakapasi, hilo siwezi kukataa, wengine wako hapa wamevaa tai, na watu wakamwita Mwalimu Indeed mpaka sokoni, ambako alimwambia mama wa nyanya, "Indeed, hizi zimeoza," na yule mama akamjibu, "Mwalimu, Indeed peleka huko, nyanya ni za leo."

Alimwoa Trizah tarehe 18 Desemba 1976, baada ya kumwandikia baba yake barua iliyoanza na Certainly, na mzee, ambaye hakujua kusoma, alipofasiriwa kwamba kijana anasema kwa hakika ataoa, akasema basi kwa hakika alete ng'ombe. Walileta. Mungu akawapa watoto watatu, Byron aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1978, Adhiambo tarehe 19 Septemba 1981, na Omondi tarehe 7 Januari 1985, wote wako hai, na wajukuu ni wanane.

Mwaka wa 1989 alihamishiwa Muhuru Bay, akafundisha huko mpaka alipostaafu mwezi wa Machi 2006, na mwaka wa 2008 wavuvi wakamchagua kuwa katibu wa kamati ya bichi, yaani ufuo wao wa ziwa, kwa sababu ripoti za serikali zilitakiwa kwa Kiingereza na Kiingereza kilikuwa chake.

Sasa nafika mahali ambapo Byron aliniomba niparuke. Aliniambia jana jikoni, "Shangazi, hayo si ya matanga, utatuaibisha," nami nikamwambia, "Aibu ni ya baba yako, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniagiza, wewe shika maiki tu isingurume." Kwa hivyo sitaparuka.

Jumamosi tarehe 11 Agosti 2012, mashua iliyobeba wanawake wauzao omena, wale dagaa wa ziwani, ilizama karibu na Muhuru Bay, walikuwa watu watano ndani, wakafa watatu, na mmoja wao alikuwa nahodha, Chrispine Maroa, kijana wa kutoka Kuria aliyeoa pale na kukaa pale, mume wa Benta na baba wa Liz. Jumanne tarehe 14 Agosti Nicanor aliandika ripoti, na ndani yake aliandika sentensi hii, "Undoubtedly, the coxswain was drunk," yaani bila shaka yoyote nahodha alikuwa amelewa. Afisa aliyeipokea aliisifu kwa Kiingereza chake, akapiga muhuri, hakumwuliza mtu yeyote swali lolote.

Nicanor hakuwa Muhuru Bay siku hiyo. Alikuwa hapa Uriri, kwenye mazishi ya shemeji yetu, aliketi karibu nami kutoka asubuhi mpaka jioni, akala, akasinzia. Aliporudi bichi Jumatatu mtu mmoja kwenye kibanda cha chai alimwambia kwamba huenda yule kijana alikuwa amekunywa, na hiyo "huenda" ilipofika kwenye karatasi ya Nicanor ikaondolewa, likawekwa neno lake kubwa, kwa sababu "huenda" haikuwa ukutani kwake. Mimi nilijua alikuwa Uriri, nikasikia baadaye kwamba ameandika kuhusu ajali, nikanyamaza, na hilo ni langu, sitamwachia marehemu abebe na la kwangu.

Lynnet, mama wa omena aliyenusurika ajali hiyo, ambaye ameketi pale na kitambaa cha njano, amesema tangu siku ya kwanza kwamba Maroa asubuhi hiyo alikunywa chai ya maziwa nyumbani kwa huyo Lynnet, vikombe viwili, kwamba ubao wa chini ya mashua uling'oka, na kwamba Maroa alimsukumia yeye mtungi mtupu aliokuwa ameushika, akamwambia, "Mama, shika huu, mimi najua kuogelea." Lynnet hakuulizwa na katibu, kwa sababu Lynnet hasemi Kiingereza.

Ripoti ilisomwa mbele ya watu, na baada ya hapo kanisa halikumwombea Maroa, jamaa za wale wawili waliokufa naye hawakufika kumzika, Liz akaitwa mtoto wa mlevi mpaka akaacha shule ya pale, na Benta akahama na kwenda kuanika omena Mbita. Kabla hajahama, mwezi wa Januari 2013, alikuja nyumbani kwa Nicanor akamwuliza, "Mwalimu, siku ile wewe ulikuwa wapi?" Nicanor akamjibu kwa Kiingereza.

Alikaa hivyo miaka kumi, na ningependa kuwaambia kwamba hakulala, lakini alilala vizuri na alinenepa. Kilichomwamsha ni mazishi ya mwalimu mwenzake, Caleb, tarehe 23 Julai 2022, ambapo msomaji, mwanafunzi wake wa zamani, alisoma kwamba Undoubtedly marehemu hakuwahi kumwibia mtu, na nusu ya watu waliokuwa pale walikuwa wameibiwa na Caleb kuku, mbao, au vyote viwili. Watu walicheka, Nicanor pia alicheka, lakini tulipofika langoni kwake akaniambia, "Filister, yule kijana nilimfundisha mimi." Nikamwambia hilo najua. Akasema, "Na Maroa nilimzika kwa neno hilo hilo."

Tangu siku hiyo hakupumzika, hapo namsifu. Aliandika barua tatu kwa ofisi kuondoa sentensi yake, hazikujibiwa. Aliomba kamati imwitie mkutano, ikamwambia faili ni la zamani. Wazee wa kanisa walimwambia, "Mwalimu, usijichafue uzeeni." Mwaka wa 2023 figo zikaanza kumsumbua, akawa anaenda Homa Bay kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na siku za katikati alikuwa akipanda pikipiki kwenda kugonga milango ya watu, akirudi amevimba miguu.

Alhamisi tarehe 13 Februari 2025 nilimsindikiza Mbita kwa Benta, alimkuta kando ya jiko lake anageuza omena, akasema kila kitu akiwa amesimama, kwa Kiswahili, bila kuremba. Benta hakumpa kiti. Alimwambia, "Mwalimu, ulimwita mume wangu mlevi mbele ya bichi nzima, sasa unakuja kunifutia hapa jikoni tukiwa watatu? Rudi ukaseme pale uliposemea." Nicanor akasema, "Ni kweli, Mama Liz," na hakutanguliza kitu.

Alihangaika tena mpaka mwenyekiti mpya wa kamati ya bichi, Okemwa, akakubali mkutano wa Ijumaa tarehe 4 Aprili, lakini Jumatano tarehe 2 alizidiwa, akalazwa Homa Bay, hakutoka tena. Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa kumi alfajiri, akiwa na miaka sabini na minne. Siku chache kabla ya hapo alinishika mkono akasema, "Mkutano wangu utakuwa mazishi yangu, watakuja wote kwa sababu kuna chakula. Uwaambie kabla sijashushwa." Sote tunajua kwamba neno likisemwa kabla ya mtu kuingia kaburini, watu hulibeba.

Basi libebeni. Nicanor Abuor hakumwona Chrispine Maroa akinywa. Hakuwepo. Aliandika asichokijua. Maroa alikufa akiwa na akili zake, kazini kwake, na mtungi wake akampa mwingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Homa Bay, hasa wale wa chumba cha kusafishia damu ambao walivumilia kusahihishwa Kiingereza mpaka siku ya mwisho, walimu aliofundisha nao Mbita na Muhuru Bay, majirani waliochota maji na kupasua kuni, na Trizah, aliyemwosha na kumlisha bila kunung'unika, ingawa alikuwa na haki ya kunung'unika. Tunawashukuru watu wa Maroa, ambao hakuna aliyetarajia wangekuja, na wamekuja.

Katibu wa sasa wa bichi, Arasa, nakuona pale nyuma, usijifiche, fungua kitabu uandike hivi nilivyosoma, kwa Kiswahili, usiweke neno lolote mbele yake, na mwenyekiti Okemwa atie sahihi kabla hajala. Wachungaji, mtanisamehe, jeneza litangoja hapo mpaka wamalize.

Mama Liz, maiki hii ni yako ukiitaka. Ukisema baya tutalisikiliza, na ukikataa kusema hakuna atakayekulazimisha.

Nicanor, ndugu yangu, ulale sasa.