Jiwe la Mlangoni kwa Mama Kamongo

Baada ya miaka thelathini na miwili katika kituo chetu cha utafiti wa samaki na wanyama wa majini, Mama Kamongo anastaafu tarehe 30 Juni. Wasifu wake nilikuwa nimeshauandika, mzuri tu, wenye kuchekesha pale panapostahili. Jumanne iliyopita nikauchana. Huu nimeuandika upya kwa haraka, kwa hiyo mnisamehe.

Alianza kazi kwa mabuti ya mpira yaliyomzidi miguu, maana kituo hakikuwahi kufikiria kuagiza saizi ya mwanamke. Anaondoka akiwa mkuu wa utafiti. Ni yeye aliyewatetea fisi maji, ambao wavuvi waliwabebesha lawama ya kila wavu uliochanika, kwa kuonyesha kuwa chakula chao kikubwa ni kaa. Ushahidi ulikuwa kinyesi chao, alichokichambua kigamba kwa kigamba na kukihifadhi kwenye makopo ya majani ya chai. Mhasibu wetu, aliyefungua kopo moja kwa nia njema kabisa, hajagusa chai ya ofisini mpaka leo.

Jina la utani alilipata kwa samaki aliyempenda kuliko wote. Kamongo ana mapafu, na ukimzuia asipande juu kuvuta hewa, hufa maji kama mtu. Maji yakikauka hujichimbia topeni, akajifunika utando wa ute wake mwenyewe, akaacha tundu dogo la kupumulia na kulala akingoja mvua. Wote tuliopita mikononi mwa mama huyu tulifundishwa jambo moja kabla ya mengine: kamongo hatangazwi kufa mpaka alowekwe.

Miaka miwili iliyopita ukame ulikausha kinamasi kilicho nyuma ya soko, na hakijapata maji tangu hapo. Mama Kamongo alichimba, akakuta mifupa na mizoga. Fisi maji walikuwa wameshahama. Alirudi na bonge moja la tope kavu. Aliligonga, akasikiliza, kimya. Akaliweka lishikilie mlango wa ofisi yake, kisha akaandika ripoti kwamba kamongo wa kinamasi kile wamekwisha. Tangu siku hiyo tumelipiga teke, tumeliegemezea baiskeli, na mkurugenzi amelikalia akisubiri zamu yake ya kusikilizwa.

Jumanne mumewe, dereva mstaafu, alikuja kumsaidia kufungasha. Alisema bonge lile haliingii sebuleni kwake kabla ya kuoga, akalitumbukiza kwenye beseni bombani na kuja kupiga soga nasi. Baadaye alikwenda kulitazama. Aliporudi alisimama mlangoni, uso umemshuka, akasema taratibu, "Mama watoto, lile jiwe lako linapumua."

Hakuna aliyecheka. Tulipofika bombani tope lilikuwa limelainika, na kichwa kilichokonda mpaka kubaki ngozi kikapanda juu, kikafungua kinywa na kuvuta hewa. Mhasibu alilia waziwazi. Mama Kamongo aliketi kwenye saruji iliyolowa na sketi yake mpya. Ndipo nilipokumbuka, na nikaona usoni mwake kwamba naye amekumbuka: Jumatatu malori yangeanza kumwaga kifusi kinamasini, kupisha maegesho ya soko, kwa sababu ripoti yake ilisema chini hakuna kilicho hai.

Kesho yake alikwenda manispaa na ndoo, nami nikamfuata. Afisa mipango alimwuliza, kwa upole tu, inakuwaje mtaalamu wa miaka yote hii aikane sahihi yake mwenyewe wiki ya kustaafu. Angeweza kuusingizia ukame. Alifunua ndoo.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilichoka kuhesabu mizoga, huyu sikumloweka. Mkimwaga kile kifusi mtazika walio hai."

Samaki akapanda, akapumua mbele yao. Afisa alisukuma kiti chake nyuma, kisha akainua simu.

Malori yamesimamishwa mpaka kinamasi kikaguliwe upya. Mkurugenzi alimsihi aongeze miezi michache aifanye kazi hiyo, akakataa. Alisema aliyekwisha kuamini kwamba wamekufa asiwe ndiye wa kuwatafuta. Kazi kanipa mimi, pamoja na jembe lake. Juzi nilipata tundu la upana wa kidole, nikatega sikio, sikusikia kitu. Nililing'oa bonge zima nikaliloweka hivyo hivyo, na kabla ya jioni likapumua.

Mlango wa ofisi yake sasa hujibamiza wenyewe, na kila ukijibamiza tunaruka. Hakuna aliyethubutu kuweka jiwe lingine.

Mama, asante kwa yote uliyotufundisha, na zaidi kwa lile la wiki ya mwisho. Tunakuombea afya, na mzee wako aendelee kuosha kila kitu kinachoingia sebuleni. Pumzika unavyotaka, ulale mpaka uchoke kulala. Ila kinamasi kikijaa tutakuja kukuamsha.