Meiqiong na Kipande cha Ishirini

Marehemu Liao Meiqiong alizaliwa tarehe 3 Machi 1979, kijijini nje ya Hengyang, mkoani Hunan. Aliwahi wiki tatu kabla ya siku zake. Mama yake alisema haraka zake zilianzia hapo.

Sekondari ya chini aliimaliza mwaka 1994, wa pili darasani. Akamwacha mbali mjomba wake, yaani huyu anayewasomea, aliyeishia darasa la nne ingawa mikono yake ilifika chuo kikuu.

Mjomba huyo ndiye aliyemleta Chang'an, mji huu wa viwanda, mwaka 1998, na anayebisha asimame. Alimfundisha kazi ya sampuli: kumwagia silikoni ya majimaji kipande cha mfano, kuiweka tanurini ikauke iwe kalibu, kuipasua kwa kisu, kisha kumimina plastiki humo na kupata vipande kama ishirini kabla kalibu haijachoka. Meiqiong hakuweza kukaa. Alilizunguka tanuri akiuliza, "Imekauka? Bado tu?" Mwaka 2006 kalibu ya mjomba ilibaki inanata kama uji.

"Mjomba, ulivaa glavu gani?"

"Za mpira. Mpya kabisa!"

"Ndiyo maana! Mpira huo unaizuia silikoni kukauka. Si nilikuambia Jumatatu?"

"Jumatatu nilikuwa nakufundisha."

"Ulikuwa unajisifu, mjomba."

Tarehe 1 Oktoba 2003 aliolewa na Tan Weisheng, mpaka rangi wa sampuli. Samaki hajafika mezani, bibi harusi haonekani! Alikutwa karakana, gauni jekundu kalikunja hadi magotini, anafungua kalibu. Walijaliwa binti mmoja, Yulin.

Septemba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Alikuwa ameahidi vipande ishirini vya kifaa cha kuwasaidia watoto kupumua, ili wahandisi wakijaribu. Cha kumi na tisa kilipotoka, kalibu ikachanika. Jumamosi, tarehe 13 Januari 2024, akiwa kitandani, alimwamuru mjomba amwage silikoni upya.

"Kwanza nionyeshe mikono."

Mikono mitupu.

"Haya, mwaga."

Haikupita saa: "Imekauka?"

"Bado, mwanangu."

Jumapili alfajiri alifariki, kalibu ingali tanurini.

Ameacha mume, binti, na mjomba mmoja hodari. Jana Yulin aliipasua kalibu ile, akamimina. Kipande cha ishirini amekishika pale mbele. Hakina hata kiputo kimoja.

Imekauka, Meiqiong. Usiulize tena. Pumzika kwa amani.