Mapazia ya Upande wa Pili

Basi lilikuwa linakaribia mpakani. Mbele yangu alikaa mama muuza mapazia, aliyefunga duka lake na sasa anakwenda kutafuta chumba cha biashara nchi jirani. Pembeni yake alikuwa fundi wa mageti, anarudi kwao huko huko.

"Nani kakudanganya, dada?" fundi alimuuliza. "Kwetu ujenzi umelala tangu mwanzo wa mwaka. Mimi nilikuja kwenu kutafuta kazi, nikakuta hali ni ile ile."

Mama akamtazama kwa jicho la pembeni. "Nchi mbili zikwame pamoja?"

"Kahawa yenu na yetu inanunuliwa na watu wale wale wa mbali. Wakipunguza, hela inakauka pande zote. Nani atajenga? Na asiyejenga hahitaji geti wala pazia."

"Au mke wako anauza mapazia, hutaki nije."

Fundi akajikuna shingo. "Si mke. Ni shemeji yangu."

Hapo hata mimi nilianza kumtilia shaka.

"Alikuwa anauza," akaongeza haraka. "Mwezi jana kafunga."

"Kafunga kweli, au unanifukuza kwa adabu?"

"Sina sababu ya kukudanganya."

"Wote husema hivyo."

Basi likasimama. Mama akashusha begi lake, akasita mlangoni. "Hicho chumba cha shemeji yako," akasema, "kimeshapata mpangaji?"

Safari hii fundi ndiye aliyemtazama kwa jicho la pembeni.