Mzee Hamahama na Mabenchi ya Bustani

Ndugu waombolezaji, familia imenikabidhi mimi, mdogo wake marehemu, nisome historia hii, na naomba mnivumilie, kwa sababu kumweka mtu huyu mahali pamoja, hata kwa maneno, si kazi ndogo.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa msimamizi wa vibarua wa barabara, katika nyumba ya kupanga ambayo familia ilikuwa inaihama asubuhi hiyo hiyo, godoro likateremshwa haraka kutoka kwenye mkokoteni, akazaliwa, na jioni akahamishwa pamoja na masufuria. Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza 1966 akiwa katika shule yake ya nne, maana baba alifuata barabara na sisi tulimfuata baba, na kila mwalimu aliandika kwamba mtoto ana akili ila hatulii kitini.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa na halmashauri ya mji kutunza bustani ya mapumziko, ile yenye bembea, uwanja wa netiboli na tangi la maji, na hapo ndipo alipoitwa Mzee Hamahama hata kabla hajaota mvi, kwa sababu hakukubali mtu akae juani wakati kivuli kipo. Asubuhi aliyaburuta mabenchi hadi ukutani, adhuhuri chini ya tangi, alasiri nyuma ya jukwaa la netiboli, na kama umelikalia benchi uliinuliwa kwa heshima zote, ukangoja, kisha ukakaribishwa tena kama mgeni aliyefika sasa hivi.

Ndivyo alivyompata shemeji. Mwaka 1976 shemeji, fundi cherehani asiyependa mchezo, aliahidiana na mchumba wake wakutane kwenye benchi la karibu na bomba, mchumba akaenda bombani, yeye akalifuata benchi, akamkuta kaka amelishika upande mmoja, akamfokea, kaka naye akajibu huku anaburuta, na walipomaliza kugombana yule bwana kule bombani alikuwa amekata tamaa na kuondoka zake. Walifunga ndoa tarehe 11 Desemba mwaka huo, na hadi leo shemeji anashikilia kwamba yule bwana ndiye aliyechelewa. Walijaliwa watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, wote wamejifunza kutembea kwa kushikilia benchi lililokuwa linaondoka.

Shemeji alikuwa na ombi moja tu kwa mumewe, wakae wawili, jioni moja, mpaka watakapochoka wao wenyewe. Kaka alikaa kweli, akatupa jicho juu kwenye jua, akasema, "Nakuja," akaenda.

Mwaka 2003 afisa mpya aliamuru mabenchi yafungwe kwa zege yasiibiwe, na zege hilo akaambiwa alichanganye kaka. Alilichanganya. Baada ya hapo hakulala, alizunguka sebuleni hadi shemeji akadhani ana homa, na kule bustanini watu walikaa chini kwenye nyasi huku mabenchi yanaungua peke yake. Alikwenda ofisini kulalamika mpaka afisa akawa anatokea mlango wa nyuma, na siku moja bwana mkubwa akachoka, akamwambia, "Mzee, nenda kavunje, mimi sijaona kitu." Kaka alitoka mbio, akasahau kofia mezani.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2011, na shemeji akajishonea gauni jipya la kwenda kukaa naye bustanini. Kesho yake mstaafu alikuwa huko huko, anaburuta mabenchi bila mshahara. Niseme ukweli, kaka alituudhi. Shemeji aliumia, akasema waziwazi kwamba yeye ameolewa na kivuli.

Mwezi Agosti 2022 alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukafa ganzi, na kwa mtu kama yule hicho kilikuwa kifungo kibaya. Alihangaika kutwa, macho mlangoni, basi shemeji akatafuta kitanda chenye magurudumu, akawa anakisogeza chumbani kila jua lilipoingia.

Nitangulize shukrani hapa, maana sauti yangu naijua, huko mbele inaweza kunisaliti. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliosaidia kumgeuza na kumwogesha, watumishi wenzake wa bustani waliokuja kumpa habari za kazi, na ninyi nyote mliofika leo.

Alasiri ya tarehe 9 Mei 2024 jua lilimfikia usoni, shemeji akainuka kusukuma kitanda kama kawaida, naye akamkamata kwa mkono wake mzima, akasema kwa ule ulimi wake mzito, "Acha. Kaa." Shemeji akakaa. Jua likawapiga wote wawili, likapanda ukutani, likatoka chumbani, na hakuna aliyeinuka. Shemeji hajui kaka alituacha saa ngapi, kwa sababu mkono haukumwachia.

Umekaa sasa, kaka. Tulia salama.