Bi Teremka na Lenzi za Kipa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwaambia watu "teremka mstari mmoja," mpimaji mkuu wa macho wa kliniki yetu anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 mwezi huu. Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye cheti atakachokabidhiwa leo. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, tunamjua kama Bi Teremka. Hata mumewe akipiga simu mapokezi huuliza, "Teremka wangu bado yupo kazini?"

Anayeandika wasifu huu ni fundi wa miwani. Karakana yangu na chumba chake vinatenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo mengi nitakayosimulia niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, mengine bila kualikwa.

Alifika hapa akiwa msichana mwembamba, miwani kubwa kuliko uso, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya mafagio. Haikuchukua muda akawa ndiye anayepelekewa wagonjwa walioshindikana: watoto wanaolia, wazee wasiokubali kuwa ni wazee, na madereva. Hasa madereva. Yupo mmoja aliyekariri ubao wa herufi kwa ajili ya leseni, akausoma wote bila kukosea, Bi Teremka akiwa bado hajawasha taa ya ubao. "Hongera sana," akamwambia. "Sasa ngoja niwashe taa, tuanze." Dereva yule leo ana miwani, na abiria wake wako salama.

Kazi aliibeba kila alikokwenda. Kwenye harusi ya mwanawe mkubwa alimwona mfungisha ndoa akiisogeza karatasi mbali, kisha mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha. Bibi harusi analia, mama mkwe analia, na Bi Teremka ananinong'oneza mimi niliyeketi nyuma yake, "Huyu Jumatatu aje." Na kweli alikuja.

Lakini ukituuliza wafanyakazi wenzake tutamkumbuka kwa lipi, wote tutataja lenzi za kipa.

Kipa mwenyewe alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, mtoto wa fundi cherehani mwenye kibanda nyuma ya soko. Mama mtu alivaa miwani nene kama kitako cha chupa, na binti alikuwa akimfuata mbio mbio. Kila mwaka alirudi kwetu, na kila mwaka nilimkatia vioo vizito zaidi. Siku moja mama akaketi, akaiweka pochi yake magotini, akasema, "Bi, mimi nimeshazoea kupapasa. Huyu nisaidie asifike nilipofika."

Ndipo Bi Teremka alipompa binti lenzi mpya, zile za kuvaa juu ya mboni, zilizobuniwa kupunguza kasi ya tatizo la kutoona mbali kwa watoto. Kwa lugha yetu ya karakana ni hivi: jicho la mtoto wa aina hii hurefuka kupita kiasi. Lenzi ina sehemu ya katikati ya kumwezesha kuona mbali, na pembeni ina pete zinazopindisha mwanga kwa namna nyingine, ili jicho lipunguze kurefuka. Unazivaa asubuhi, unazitupa jioni. Binti alizivaa, akasoma ubao hadi mstari wa mwisho kabisa, akabakiza jina la kiwanda kilichochapa ubao. Akalisoma nalo.

"Macho ya tai!" akatangaza Bi Teremka, sauti ikapenya ukuta. Mama akashukuru, binti akatabasamu, nami nikajua nimepoteza mteja.

Wiki mbili baadaye timu ya shule ya binti ilicheza mechi alasiri ya mawingu mazito. Kipa wetu alitunguliwa mabao manne. La tatu lilipigwa kutoka katikati ya uwanja na beki aliyekuwa anautoa mpira tu uende mbali na lango lake. La nne, wanasema walioshuhudia, lilikuja linaviringika taratibu, na kipa akaruka vizuri sana kuelekea upande ambao hapakuwa na kitu.

Kesho yake mama aliingia kliniki bila kupita mapokezi. "Umempa mwanangu lenzi za kufungwa mabao?"

Bi Teremka hakutetereka. Akamketisha binti, akawasha ubao, na binti akasoma tena hadi jina la kiwanda. "Unaona, mama? Anaona kila kitu. Labda ni woga wa mechi."

Binti akainamisha kichwa. "Herufi naziona, Bi. Ni nyeusi, zimesimama, na taa inawaka. Mpira hausimami. Jana ulikuwa unakuja na pacha wake, sijui nidake upi." Halafu akasema lililokuwa moyoni: hazitaki tena, bora macho yaharibike kuliko kuchekwa na shule nzima.

Nilizima mashine yangu ya kusagia vioo nisikie vizuri. Na kwa mara ya kwanza tangu nianze kumsikiliza kupitia ukutani, nikamsikia Bi Teremka akisema: "Nimekosea. Nilipima nilichozoea kupima. Nipe muda, mwanangu. Usizitupe."

Alichofanya baada ya hapo hakimo kwenye mwongozo wowote. Kwa kuwa naye haoni mbali, aliagiza lenzi za aina ileile kwa kipimo chake, akaziweka machoni na kuishi nazo wiki nzima. Mchana alikuwa mtu wa furaha ya ajabu, maana zile pete zilimfanya aone karibu pia, jambo ambalo umri ulishamnyima, akawa anatusomea kwa sauti maandishi madogo ya kwenye boksi la dawa ya mafua. Jua likizama mambo yaligeuka. Taa za barabarani zilivaa taji, kila moja na mng'ao wake. Vitu vya rangi iliyofifia vikajichanganya. Jioni moja alisimama mbele ya nyumba yake akimgombeza mumewe kwa kumwacha abebe mizigo peke yake huku yeye kasimama tu. Mume akatokea mlangoni nyuma yake, akamsikiliza mpaka akamaliza, ndipo akasema kwa upole, "Mke wangu, hilo ni tangi la maji."

Wengine wangeona haya. Yeye aliingia kazini kesho yake mbio, akifurahi kama mtu aliyeokota lulu. Akachapa ubao wa pili wenye herufi za kijivu hafifu kwenye karatasi ya kijivu. Akafifisha taa za chumba. Akaweka taa ya mezani ikimmulika anayepimwa usoni, kama gari linalokuja mbele. Watoto wote wenye lenzi zile wakaitwa upya, na hapo ndipo ukweli ulipojitokeza: kwenye ubao wa kawaida walikuwa sawasawa, lakini kwenye herufi hafifu wengine walipita bila shida na wengine walikwama mapema. Kipa alikuwa miongoni mwa waliokwama, kwa sababu mboni zake hupanuka sana kwenye mwanga mdogo na kuzipa zile pete nafasi ya kuvuruga picha.

Kilichobaki kilikuwa mpira. Aliuleta kwenye mfuko wa sokoni, akazima taa za korido, akamsimamisha kipa mwisho wa korido na kuanza kumrushia. Mara mbili binti akaudaka. Mara ya tatu ulipita juu ya kiganja chake na kumpokea mkurugenzi, aliyekuwa anafungua mlango akiwaongoza wageni, sinia la chai mkononi.

Mkurugenzi alitazama shati lake, akatazama chai ilipofika. "Hapa ni kliniki au uwanja wa mpira?"

"Kwa leo ni vyote viwili," akajibu Bi Teremka. "Tafadhali sogea kidogo, umesimama golini."

Sifa ya mkurugenzi wetu ni kwamba hasira yake hukauka kabla ya shati. Alisikiliza maelezo, na mwishowe yeye ndiye aliyeagiza lenzi za muundo mwingine, zenye pete za mvurugo mdogo. Binti alijaribiwa nazo kwenye kijivu, kwenye giza na kwenye mpira, kipimo kikarekebishwa kidogo, na hali ikawa nafuu sana. Kwa mechi za jioni tu, ikakubaliwa avae miwani ya mkanda badala ya lenzi. Miwani hiyo aliitengeneza nani? Sipendi kujisifu.

Mechi ya marudiano nilikwenda na Bi Teremka. Kipa wetu alifungwa bao moja, na hilo alifungwa kihalali kabisa. Mipira mingine yote alidaka, ikiwemo penalti. Bi Teremka alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na mwisho wa mchezo akamwendea mwamuzi, si kumpongeza, bali kumpa kadi ya miadi.

Tangu hapo hakuna mtoto anayepewa lenzi hizi kwetu bila kupimwa kwenye mwanga hafifu, wala mzazi asiyeelezwa mapema kuhusu taa zenye taji. Huo ndio mchango wake mkubwa, na vijana aliowafundisha wameapa kuuendeleza. Mkurugenzi ameomba jambo moja tu: mpira uwe wa sponji.

Mwaka ulipotimia, mama na binti walirudi kupimwa. Mashine ilionyesha kwamba jicho la binti lilikuwa limerefuka kidogo sana, tofauti kubwa na miaka ya nyuma. "Siwezi kukuahidi ya mbele," Bi Teremka alisema, "lakini mwaka huu limetulia." Mama akavua miwani yake afute machozi. Bi Teremka akaipokea, akaielekeza dirishani, akaona vioo vilivyochubuka na kupitwa na wakati miaka mingi. Hakuuliza kwa nini. Sote tulijua kila kilichopatikana kilikwenda kwa mtoto. "Sasa kaa wewe," akamwambia.

Miwani mipya nilimkabidhi mwenyewe. Mama aliivaa, akamgeukia bintiye, akamwangalia kwa muda, kisha akagusa shavu lake kwa kidole. "Kumbe una kidoti hapa," alisema. "Mwanangu, una kidoti kizuri hivi na hukuniambia?"

Bi Teremka wetu, ahsante kwa yote uliyotuonyesha. Nenda ukapumzike na mzee wako, afya ikujae, na kila asubuhi ikukute ukiwa na furaha. Tunakupenda.